Kona ya Chini, Kulia

Aikande alisema: Mjomba, usiitazame simu,
tazama herufi.
Nikatazama herufi.
Ilikuwa K ya KINYOZI, ukutani kwa Ngowi, Majengo,
asubuhi ya Juni, Moshi ina rasharasha
na rangi ya mafuta imeganda koponi kama mchuzi wa jana.

Mguu wa K siupigi kwa rula.
Naushusha kwa pumzi moja,
kidole cha mwisho kikiegemea ukuta;
pumzi ikiisha, mguu umefika chini.
Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu.
Aikande alilirekodi, sekunde arobaini,
akalipakia kwa bando la mia tano.

Jioni, makopa tisa.
Moja lake, moja la mama yake,
moja la muuza mabati ambaye hupenda kila kitu.
Nikamwambia, mwanangu, kopa halinunui thina.
Akasema, subiri.
Kusubiri nakujua. Tangu zije mashine za kuchapa mabango
yanayopauka kabla deni halijalipwa,
kusubiri ndiyo kazi yangu ya pili.

Siku ya nne mtu wa Mwanza akaandika:
Huo mguu wa K naujua.
Akatuma picha: ubao wa bucha ya marehemu baba yake, Himo.
NYAMA YA NG'OMBE,
na ritifaa nimeichora mfano wa pembe.
Nililipwa maini na elfu tatu, mwaka ule nilipooa.
Ubao alisafiri nao kwa basi, kutwa nzima, magotini.
Sasa uko sebuleni kwake, juu ya televisheni.

Halafu zikaanza kuja.
Duka la dawa, Same: nyoka na kikombe, nyoka anacheka.
Saluni ya Kiboriloni, mwanamke mwenye shingo
ndefu kuliko nilivyokusudia.
Ukuta wa shule huko Uru, jedwali la kuzidisha,
na chini yake maneno ya mama mmoja, siku hizi mhasibu:
Saba mara nane uliandika hamsini na nne.
Nilichapwa kwa ajili ya ukuta wako.
Nikazitafuta herufi za samahani kwenye kioo
kwa kidole kile kile cha brashi,
nikakosea mara tatu.

Sikujua kama vitu hivyo vingali hai.
Mtu huiacha kazi barabarani, jua linaila,
mwenye duka anafilisika, anakuja mwingine na chokaa.

Jumamosi akaja kijana kutoka Ngarenaro, Arusha,
Lemburis, anayechora herufi kwenye kompyuta.
Alileta maziwa ya mgando na futi ya kupimia.
Akapima tumbo la B yangu, akanyamaza, akapima tena.
Mbona hazilingani?
B ya asubuhi na B ya njaa, nikamwambia, zitalinganaje?
Akaandika hilo pia.
Kisha: Fundi, nimekuza kila picha, nimepekua kila kona.
Jina lako liko wapi?
Nikacheka. Mlango ni wa mwenye bucha.
Nani huandika jina lake kwenye mlango wa mwenzake?
Yeye hakucheka.

Wiki hii nina kazi ya Mama Haika, hapa Njoro,
nyuma ya nyumba yangu, ukuta kwa ukuta.
Kaniona simuni.
Miaka kumi na mmoja ananisikia nikikohoa,
hakujua naishi kwa kazi gani.
KIBURU NA SUPU, ameagiza,
na uangalie, fundi, isije ikasomeka KIBURI.

U nimeifungua wazi kama bakuli.
Nimekausha brashi, nimerudi nyuma hatua tatu.
Kona ya chini, kulia, imebaki tupu.
Aikande anainua simu. Ishushe kwanza, namwambia.
Navuta pumzi.

Miaka thelathini nayapima majina ya watu kwa jicho tu.
ANAELI:
ile I ya mwisho imekosa pa kusimama,
imepanda juu ya fremu.