Sekunde Nne

Sikio la kushoto la mama yangu
lilibaki kiwandani, Nyakato,
kwenye chumba cha kusokotea nyuzi,
miaka kumi na tisa ya zamu ya usiku.
La kulia alilitunzia muziki.

Nyanzobe binti Malimi hakupenda muziki wote.
Alipenda dansi, na si dansi yote:
ile tu ambayo mwimbaji akishamaliza kulia
gitaa la pili linamchokoza la kwanza,
ndipo tarumbeta zinaingia kama wageni
waliochelewa lakini wameleta kuku.
"Hapo," angesema, mwiko juu, "hapo sasa."
Ugali ukaungua.
Tukala ukoko, tukanyamaza.

Kabla ya hapo, alipokuwa msichana Magu,
zilikuwepo nyimbo za jembe shambani kwa baba yake,
vijana mistari miwili, majembe yanarushwa, yanadakwa,
pamba imepaliliwa kabla jua halijakaa vizuri.
Babu Malimi aliposikia gitaa redioni mara ya kwanza
aliuliza: "Huyu naye analima wapi?"
Mama alisimulia kisa hicho kila Krismasi, akicheka,
bila kujua kwamba anakiweka akiba kwa ajili yangu.

Maana nami nilikuja na zangu.
Mwaka tisini na tisa, kidato cha pili, Kirumba,
suruali inaburuta vumbi,
maneno mengi kinywani kuliko nauli mfukoni.
Nilitaka kunasa kipindi cha Jumamosi. Kaseti sikuwa nayo.
Nikachukua ya mama, yenye mwandiko wake wa penseli,
nikaziba matundu yake kwa karatasi ya daftari la jiografia,
nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja,
na bendi nzima ikazama,
besi, magitaa, wanaume wenye suti,
hata mmoja asipige yowe.

Jumapili jioni akaiweka redioni
akakuta vijana wanagombana kwa vina.
Hakunigombeza. Alisikiliza upande mzima
huku akichambua dagaa, vichwa kando.
Katikati, pale nilipoyakwepa matangazo
na mkanda ukateleza mbele bila mimi kujua,
tarumbeta zilikuwa zimebaki.
Sekunde nne. Zikaingia, zikakatwa.
Mama akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.
"Huyu naye," akasema, "analima wapi?"

Sikucheka.

Sasa ana miaka sabini na minne.
Mjukuu wake Ng'wandu anatengeneza singeli kwa simu
kwenye chumba cha uani. Bati linatetemeka,
mijusi wamehama jiwe la nyuma ya nyumba.
Na anayegonga mlango ni mimi. Mimi!
"Punguza, bibi yako amelala."

Hajalala. Amesimama kizingitini,
ametanguliza sikio la kushoto, lile bovu,
anaingia, anabandika kiganja kwenye spika
kama anayepima homa ya mtoto.
"Hii naijua," anasema. "Hii ni mashine namba tisa.
Ikifika mwendo huu uzi unakatika. Subirini."

Tukasubiri. Wimbo ukakatika kweli,
ukimya wa pumzi moja, kisha ukarudi mbio,
na vidole vya mama vikafunga fundo hewani,
upesi, kama vya mtu anayelipwa kwa kilo.

Wiki ile ile Ng'wandu akaiomba kaseti.
"Bibi, nipe zile tarumbeta nizitie humu.
Zitasikika Ukerewe, zitasikika mpaka Dar."
Mama akafikiri. Upepo wa ziwa ulileta
harufu ya Mwaloni na vigelegele vya harusi ya jirani.

"Mashine chukua," akamwambia. "Chukua yote, na kelele zake.
Zile nne niachie."