Orodha Nyuma ya Bili ya Umeme

Tugriki milioni moja na laki saba,
akiba ya miezi kumi na mmoja.
Kazi yangu kuchonga meno ya bandia
ya wazee wa Ulaanbaatar,
na wazee hulipa polepole, jino kwa jino.
Orodha niliiandika nyuma ya bili ya umeme,
nikafuta, nikaandika,
hadi karatasi ikatoboka
pale penye neno prosesa.

Ghorofa ya tatu, kibanda cha Bayarkhuu.
Namuuliza mimi, anamjibu mdogo wangu.
Dulguun ana miaka kumi na minne na hajui kitu,
anajua taa tu: feni za zambarau,
kasha la kioo linalometameta kama duka la pete.
"Kijana, hili ndilo lako," asema Bayarkhuu.
Kijana anaitikia kwa kichwa. Mimi nakohoa.
"Mwenye pesa ni huyu," nikajigonga kifua,
"na hakuja kununua taa."

Basi tukaanza.
Prosesa ya mwaka juzi, viini sita,
haina makuu, inatosha.
Madabodi yenye matundu mawili ya ramu:
moja nitalijaza leo,
la pili lingoje wazee wengine wang'oke meno.
Diski ndogo. Kasha la bati, kona moja imebonyea,
kwa kubonyea huko akapunguza elfu kumi na tano.

Ndipo akainama, akatoa chini ya meza
kadi ya michoro iliyofungwa kwa gazeti.
Nusu bei.
Moyo ulinipaa, sitasema uongo.
Nikainusa.
Wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka,
lakini pua hii hushinda na plastiki inayoungua,
haidanganyiki:
kadi ilinuka ghala lisilo na dirisha,
usiku na mchana ikimchimbia mtu sarafu za hewani,
haijawahi kuona gemu hata moja.
"Hii ilichimba," nikasema.
Akanitazama. Mimi, si Dulguun.
"Kidogo," akasema.
"Feni yake inalegalega."
"Kidogo."
Tukashuka bei ngazi kwa ngazi,
tukakutana kwenye laki mbili
na kichupa cha grisi juu yake.

Ikabaki pawa saplai.
Kulikuwa na ya chee, nyepesi kama mkebe wa biskuti,
na chenji yake ingenipandisha kadi daraja zima.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.
Kisha nikakumbuka kwetu vilimani, saa mbili usiku,
kila hema limewasha hita,
balbu inapepesa kama jicho lililoingia mchanga;
nikamkumbuka jirani Tsevelmaa,
televisheni na friji, juma moja, vyote moshi.
Ukipenda boga, penda na ua lake.
Nikachukua ile nzito, ya kijivu, bubu,
isiyowaka popote.
Dulguun alinuna hadi kituo cha basi.

Nje, hasi ishirini na saba.
Kadi niliibeba ndani ya koti, ubavuni.
Dulguun alitaka tuunge tu mara tulipofika,
nikamzuia mkono:
chuma kikitoka baridini huvuja jasho,
ukikiharakisha, umekiua.
Tukavilaza vyote mbali kidogo na jiko,
juu ya blanketi lile ambalo bibi
aliwalazia wanakondoo waliozaliwa usiku wa theluji,
enzi tulipokuwa na kondoo.

Saa mbili za kungoja.
Dulguun, taa keshazisahau,
anachungulia, anagusa kwa ncha ya kidole.
"Bado ana baridi," ananong'ona.
Ana, amesema. Sikumsahihisha.

Mama akaingia na ndoo.
Akaangalia blanketi, akatuangalia sisi.
"Vyote hivyo ni vya kuchezea?"
"Ndiyo, Mama."
Hakuuliza bei.
Akafungua mlango wa jiko,
akaongeza tofali moja la makaa.