Mtungi wa Milimani

Wanangu wanne wamo mtungini.
Si wanangu, alinikanya Daktari Nyakwaka:
"Sema viinitete." Nikasema viinitete,
ulimi ukajikwaa kwenye te ya pili
kama bibi harusi anayetaja jina la mkwe.

Wa tano ni Hawi. Yuko darasa la pili,
hupoteza rula kila wiki.
Walitoka siku moja, kisahani kimoja;
yeye aliitwa kwanza, basi.

Kila Januari nalipa elfu kumi na nane.
Naitrojeni huja kwa lori kutoka Nairobi,
hufuka kama uji wa wimbi
lakini huunguza kwa baridi.
Stima ikipotea, mimi huku Nyalenda
huacha mboga motoni nikatoka nje
kusikiliza jenereta ya kliniki kule juu,
ingawa nimeshaambiwa mara mbili
mtungi ule hauli stima.

Mwaka huu imekuja fomu. Visanduku vinne:
kuhifadhi, kuwapa wengine, kuyeyusha,
kutoa kwa utafiti. Kando ya hicho cha mwisho
pana kinyota, na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
*itategemea mgao wa serikali*.

Damu ni nzito kuliko maji, hunena watu.
Waje waione ya Obuya, mtoto wa dada yangu,
usiku wa mvua, ikigoma vifundoni:
kila chembe imekuwa mundu,
na mpunga ni yeye.

Kamati ilikuja Kaloleni na chupa zake za maji.
Ukurasa wa mia na nne wa makadirio,
kati ya matairi ya magari na ukarabati wa vyoo:
utafiti wa seli shina, milioni mia mbili.
Kijana kutoka Maseno akaeleza,
kalamu ikimtetemeka mkononi,
kwamba seli hizo bado hazijaamua:
huenda damu, huenda mfupa, huenda jicho.

Katekista Barasa akasimama.
"Kodi ya sukari yangu isinunue kisu
cha kumchanja asiye na mdomo wa kukataa."
Ukumbi ukanyamaza. Nami nikanyamaza,
maana ni Barasa huyu huyu
aliyempakia Obuya kwenye baiskeli usiku wa manane
hadi Hospitali ya Russia, akakataa nauli,
akakaa kwenye benchi mpaka mfuko wa damu ukaisha.

Kipaza sauti kikanifikia. Dakika mbili.
Nilikuwa nimepanga mengi.
Nikauliza: mkianza, kisha mwaka wa tatu
fedha zikahamishiwa barabara,
nani atajaza mtungi?
Karani akainua uso.
"Mama, unaunga mkono au unapinga?"
Nikasema, nimeuliza swali.

Kwenye kumbukumbu zao nimesoma:
*Mchangiaji wa thelathini na moja: masuala ya umeme.*

Nyanya yangu kule Ahero alikuwa na mtungi pia,
wa udongo, pembeni, penye giza.
Mgeni alikunywa kwanza, ukoo akaulizwa baadaye.
Lakini yale yalikuwa maji.
Nimejaribu kulipima hili kwa kata yake
na limemwagika.

Jana Obuya alilala kwangu.
Nikamkanda magoti kwa chupa ya maji moto,
Hawi akimsahihishia hesabu za kutoa.
"Tano, toa nne?"
Obuya, meno yameumana:
"Moja."
"Vizuri," akasema Hawi, akageuza ukurasa.

Walipolala nikaikunjua fomu mezani,
nikaisoma mpaka kile kinyota.
Nimetia alama kisanduku cha nne,
kwa penseli.

Bajeti husomwa Juni.