Mkebe wa Siki

Kabla ya kikohozi kile, mtungi ulikuwa shilingi kumi.
Nasukuma mkokoteni toka Maweni hadi Kisumu Ndogo,
mitungi kumi na sita,
gurudumu la kushoto likilia kama kinda.

Likaja gari la kaunti na kipaza sauti:
Naweni mikono! Maji yatiririke!
Sekunde ishirini!
Nikapiga hesabu. Mimi ni mtu wa hesabu.
Kwa Mbodze wako saba, mara tano kwa siku,
mtungi mmoja hauoni adhuhuri.
Usiku ule nikapandisha: thelathini.
Sikutumwa na mtu.
Mwenye kioski aliongeza shilingi mbili tu.

Kule Casuarina, lori la maji lilijaza bwawa
la mtu aliyekwisha kuondoka na ndege ya mwisho.
Askari wa getini akanipulizia dawa,
mimi, mkokoteni, hata kandambili;
gari la tajiri likapita ubavuni mwangu, kavu.
Nikauma meno. Dharau gani hii!
Nikarudi mtaani na hasira yangu
nikaenda kuitua kwa Mbodze.

Mumewe, Kang'ombe, alikuwa ameanza kuhema.
Aliupata hotelini, akipokea mizigo ya wageni,
lakini mtaani walisema ni uchafu wa nyumba ile,
ni kiapo cha babu yake,
ni kila kitu ila mizigo ya wageni.
Viazi vya karai vya Mbodze vikalala.
Wanawe wakaitwa kwa jina la ugonjwa.

Nami nilitua mtungi hatua kumi toka mlangoni,
nikapiga mluzi, nikarudi nyuma.
Pesa, nilimwambia, tia mle mkebeni,
mkebe wa maziwa ya unga, ndani siki.
Nilisikia siki inaua.
Sarafu zikazama, tatu, tatu, tatu.
Hata siku waliyomzika Kang'ombe
watu waliovaa kama warina asali,
nilipeleka mitungi minne
na minne ikalipwa.

Ugonjwa ukaenda zake.
Kamba za barakoa watoto wakafanyia manati.
Bei ikabaki juu, kama paka aliyekwea mnazi.

Siku hizi natua mlangoni kabisa, nanyoosha kiganja.
Mbodze hakioni.
Anakwenda ukutani uliko ule mkebe,
siki ilikauka zamani, kutu imekula kitako,
anadondosha sarafu moja moja
zinapita, zinaanguka mchangani,
nami nainama, naokota.