Vipimajoto Vitatu

Nimeazima vipimajoto vitatu vya maabara ya shule,
nikatia sahihi daftarini: *utafiti*.
Mwalimu mkuu hakuuliza utafiti gani.
Mwezi wa saba hapa Molo haudai maelezo:
nyasi zinaamka na chumvi ya barafu
na kufuli ya lango inauma vidole.

Fundi Wafubwa aliniambia kule Elburgon,
akivuta mstari wa kalamu ya mafuta juu ya kioo,
"Kimoja ni kimoja, mwalimu. Viwili si viwili.
Viwili ni vitatu. Hewa ya katikati ndiyo ya tatu,
na hiyo sikuuzii, nakufungia tu."
Akacheka.
Kisha akataja bei, nami sikucheka.

Hewa iliyofungwa, alisema, haina miguu.
Joto likifika pale hukaa kama mgeni
aliyeambiwa subiri, mwenyeji yuaja.

Pesa zilitosha dirisha moja.
Likaja kutoka Nakuru mjini limelazwa kwenye nyasi kavu
kama yai, na nikaliweka chumbani kwa Mama.
Changu kikabaki na kioo chake cha milimita tatu,
chenye ufa konani tangu mpira wa Njenga.
Sebuleni, kioo kama hicho hicho,
ila nikakitundikia blanketi la kijivu la Baba
alilopewa siku ya kustaafu kiwanda cha pareto,
blanketi na mkono wa kwaheri, basi.

Milango yote nikaiacha wazi
jiko la vumbi la mbao liwagawie sawa.
Saa kumi na moja alfajiri, tochi mdomoni, nikasoma.
Nje: nne.
Kwangu: saba, na kioo kinalia,
machozi yanashuka hadi kizingitini, rangi inabambuka.
Blanketi: kumi.
Kwa Mama: kumi na moja na nusu,
na kioo kikavu kama kiganja cha karani.

Nikapiga hesabu kwenye ukingo wa daftari.
Nyuzi nne na nusu, shilingi elfu ishirini na saba.
Nyuzi tatu, marehemu Baba.
Sikumwambia Wafubwa.

Usiku nikasogeza mshumaa mbele ya dirisha jipya
nijue kama sikuuziwa maneno.
Miali minne ikanitazama kutoka gizani,
miwili, kisha miwili nyuma yake.
Kwangu ilikuwa miwili tu, imesongamana.
Nikalala nikiwa nimeridhika, na miguu ya baridi.

Wiki nzima Mama hakukohoa.
Siku ya nane, mkono kwenye kikombe cha uji,
akauliza, "Mvua imekwenda wapi?"

Imenyesha siku tatu, Mama. Mitaro imefurika.

"Mimi sikuambiwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka nisichokipima.
Mtoto wa jicho alimfungia madirisha yote mawili
mwaka ule wa bei mbaya ya viazi,
na tangu hapo dunia humwingilia sikioni:
Taprandich wa jirani akimtukana ng'ombe wakati wa kukamua,
madebe ya maziwa yakigongana barabarani,
mabati ya zizi yakimwambia mvua hii ni ya kupanda
au ni ya kuozesha.
Hewa isiyo na miguu haikubeba hata hayo.

Alfajiri ya leo nimekuta dirisha limefunguliwa,
upana wa kiganja.
Kipimajoto: tano.
Mama ameketi kitandani, blanketi la Baba hadi kidevuni.
Sijui alilichukuaje sebuleni peke yake, gizani,
ingawa kwake giza ni giza tu.
"Shh," akasema. "Ndama wa Taprandich."

Nikasikiliza. Sikusikia kitu.
Nikaandika tano,
na kwenye safu ya *sababu* kalamu ikakaa, ikakaa,
wino ukatengeneza nukta kubwa.

Shule inataka vipimajoto vyake Ijumaa.