Mita Moja na Nusu

Juu ya kaunta ya Ermanno, mjini Trieste, kamera mbili:
moja ya chuma, imechubuka pembeni kama goti la mvulana,
haina betri, haina haraka;
ya pili nyepesi, ukiigusa tu
inanung'unika, zzt, imekwisha kuona.

Nives ana miaka sitini na minane
na mtoto wa jicho upande wa kulia.
"Chukua hii, mama. Inajilenga yenyewe."

Nje, upepo wanaouita Bora
(hauna ubora wowote) unapokonya watu kofia.
Livio amegoma kuingia na mbwa aliyelowa;
anasubiri nyuma ya kioo.

Zzt. Kamera imechagua matone ya mvua,
kila tone wazi, kama shanga.
Livio ni ukungu.

Anaishika ya chuma. Kidole kinaijua pete:
robo mzunguko, mita moja na nusu,
upana wa meza yao ya jikoni,
miaka arobaini akimtazama ng'ambo ya supu.
Kwa hilo, jicho la nini?

Kabla hajabonyeza, Livio ameshageuka, anavutwa na mbwa.
Amebaki mgongo. Umetulia sawasawa.

"Ermanno, hii bei gani?"

Hakusema ipi.