Shavu la Mguu

Kiswahili kimeupa mguu shavu,
na saa nane hii ya usiku, Ngamiani,
shavu limenuna.
Limejikusanya, limekuwa ngumi,
fundo la kamba ya mkonge lililoloweshwa likakaushwa.
Nimeuma kanga nisipige ukelele.
Na wewe uliye ndani, wa miezi saba,
umejilaza kwenye maji yako
kama mwenye nyumba asiyesikia wapangaji wakigombana.

Hatibu hayupo. Angekuwepo
angeukamata unyayo kwa viganja vyenye grisi,
angeusukuma juu, taratibu, vidole vinitazame,
kama anavyoijaribu breki ya baiskeli ya mteja:
"Hapa? Hapa je?"
Lakini tangu tujue u njiani
mchana ni fundi, usiku ni mlinzi,
analinda magunia ya saruji huko Pongwe
ili wewe upate kitanda.

Mama mkwe alisema niliruka mnyororo wa baiskeli,
ndiyo maana miguu inajifunga.
Weka ufunguo chini ya godoro.
Nimeuweka. Siku tatu unanichoma mbavu.
Nesi Shemdoe wa Makorora, kalamu nyuma ya sikio,
alisema: maji, mama. Maziwa. Dagaa na miiba yao.
Lala ubavu wa kushoto. Na ukibanwa
usinyooshe vidole kama mcheza ngoma,
vivute vije kwako, kama unaita kuku.
Nilicheka pale kliniki.

Sasa naita kuku.
Njooni, watano wangu, njooni,
na wewe kidole gumba, jogoo mkaidi, njoo.
Wapi! Tumbo limekaa katikati kama kilima,
siwafikii.

Nikashuka. Sakafu baridi, kama bomba la alfajiri.
Viganja ukutani, mguu mmoja mbele,
huu mwovu nyuma, kisigino chini,
chini nimesema, usininyanyukie,
nikausukuma ukuta
kama mtu anayesukuma gari lililozimika mbele ya Bombo
na mgonjwa yumo ndani.
Ya Rabi, nikasema.
Nikasema na mengine, ambayo wewe hukuyasikia.

Upande wa pili wa ukuta anakaa Mwanakheri.
Tangu mfungo sita hatusemezani:
ndoo moja ya maji, bili moja, maneno mengi.
Ngo. Ngo.
Nikanyamaza.
Ngo, tena, palepale kilipo kiganja changu.
Nikajibu kwa kifundo cha kidole.
Kisha sauti yake. Haisemi nami, inahesabu tu,
polepole, kama anayepima unga wa kukopesha:
moja… mbili… tatu…
Kufika ishirini na saba shavu likalegea,
likawa nyama tena, likawa langu.
Yeye akaendelea hadi thelathini, kwa uhakika,
kisha kitanda chake kikalia.

Ewe mkazo, nimekujua asili yako:
mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo,
ila unaacha vyombo vichafu,
kesho nzima navisugua kwa kuchechemea.

Nikanywa kikombe kizima cha maji, nimesimama.
Ndipo ukageuka, ukapiga teke.
Mguu wako, mdogo kama kidole cha ndizi,
umenyooka wote bila taabu.
Nikakuonea wivu.

Asubuhi, bombani,
Mwanakheri ameinamia ndoo yake. Hanisalimu.
Inajaa, anaiondoa,
anaisogeza yangu kwa mguu mpaka chini ya maji.
"Kulia au kushoto?"
"Kushoto."
"Mimi kwa Mbaruku ilikuwa yote miwili,"
anasema, akiitazama kandambili yake.
Ndoo imejaa, inamwagika.
Hakuna anayefunga bomba.